Walikata Kicheko

Nimechoka kuambiwa kwamba habari isiyo na ugomvi si habari. Mhariri wetu wa televisheni anayarudia maneno hayo kila asubuhi, na mimi kila asubuhi nabeba kamera kwenda kuutafuta huo ugomvi vijijini.

Siku moja nilitumwa Sindeni, wilayani Handeni, kwenye mkutano wa kijiji uliohusu kuchimba bwawa. Watu wa chama hiki na wa chama kile walikaa benchi moja, wakakubaliana nani ataleta majembe na nani atapika. Katikati ya mazungumzo wakainuka wazee wawili, mabinamu, mmoja mtoto wa shangazi, mwingine wa mjomba. Kwetu hao ni watani tangu kuzaliwa.

"Chama chenu kimejaa wezi, na wewe ndiye mlinzi wao!" alisema wa kwanza.

"Afadhali mimi kuliko wewe uliyeuza kura kwa sahani ya ubwabwa!"

Mkutano mzima ulicheka, na wao wakashikana mabega. Nilirekodi yote, nikamweleza mhariri kwamba hawa ni watani na kwamba habari ianze na yale majembe.

Jioni tukatangaza: "Wanasiasa nusura wazichape Handeni." Bwawa halikutajwa, kicheko kilikatwa. Nilipompigia alijibu, "Watazamaji wanataka moto, bwana." Nilipandwa na hasira. Moto anautaka yeye aliyekaa ofisini Korogwe, hauwaki mlangoni kwake.

Kipande kile kikazagaa kwenye simu. Kila mzee akaitwa na chama chake kujieleza, na watoto wao wakanuniana. Niliomba tuirushe upya habari yote, nikaambiwa imeshapitwa na wakati.

Miezi michache baadaye mke wa mmoja wa wale wazee alifariki. Nilikwenda msibani bila kamera. Kwa desturi mtani huja kuvuruga kilio, anamsema marehemu kwamba alikuwa mchoyo, anawakejeli wanaolia mpaka wafiwa wenyewe watabasamu. Tulimsubiri. Yule binamu aliingia, akatoa mkono, akasema, "Pole sana, mzee," akaenda kukaa nyuma kabisa.

Mfiwa akamwita mbele ya watu wote. "Binamu, hata leo hunitukani?"

Aliziangalia simu mikononi mwa watu, akainamisha kichwa.

"Naogopa, ndugu yangu. Watatuonyesha tena."