Kochi la Mama Elina

Saa moja asubuhi ukungu haujaondoka Tukuyu mjini, na Ambindwile Mwakalinga ameshabana misumari mitatu mdomoni. Anavuta kitambaa cha kahawia juu ya sponji, anapigilia, anavuta tena.

"Hili haliuzwi," anasema kabla hajaulizwa.

Fundi huyu wa makochi, mwenye miaka 61, ameshasema hivyo mara nyingi. Tangu amuoe Tulinagwe, ambaye kwao Kawetele anaitwa mama Elina, ameanza kochi la nyumbani kwake mara nne. Yote yaliishia kwenye sebule za watu.

"Mara ada, mara bati, mara mtoto anaumwa. Mteja amesimama na hela mkononi, wewe utasema nini?"

Ujanani alitunza bustani ya muuguzi wa Kimarekani, kule Igogwe. Mama huyo alipoondoka alimwachia kitabu cha hadithi fupi za kwao, kisicho na jalada. Humo hamna mfalme wala vita. Kuna watu wenye mshahara, nyumba na majani yaliyokatwa vizuri, na bado wanachungulia kwa jirani.

Walipooana, jioni akikaa na mkewe kwenye benchi la jikoni, alikisoma kwa Kiingereza huku akimgeuzia kwa Kinyakyusa. Hadithi waliyoipenda zaidi ni ya mwanamke aliyejibana miaka hadi akanunua mapazia. Alipoyatundika, akafunga mbao za madirisha jua lisiyafubaze, akaishi gizani.

"Tulicheka mpaka ndizi zikaungua," anasimulia Tulinagwe. "Nikamwambia, baba Elina, hawa mbona kama sisi? Hapa watu wanafunika kochi kwa vitambaa, watoto wanakaa chini. Lakini nami nililitaka hivyo hivyo. Mgeni akija nilikuwa naona aibu kumpa kigoda."

Anasema hayo akichambua maharage kwenye benchi lile lile. Jioni hizo anazitamani mpaka leo, wala hafichi.

Saa nne, Nusrat, mwenye duka la vyombo, anaingia karakanani na kubonyeza sponji.

"Fundi, hili nalichukua leo. Nina ugeni Ijumaa."

Anataja bei. Ambindwile anaweka nyundo chini, anajifuta mikono kwenye suruali, anatazama mvua iliyoanza kudondoka nje. Ni bei nzuri, na paa la jikoni kwake linavuja.

"Dada Nusrat, hili lina mwenyewe."

"Nani?"

"Mama Elina."

Nusrat anacheka. "Si hata lile ulilowahi kuniuzia lilikuwa la mama Elina?"

"Ndiyo. Ndiyo maana."

Nusrat anamwangalia kidogo, kisha anaagiza lake, asubiri zamu. Fundi anarudisha misumari mdomoni.

Jumamosi anatarajia kukodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, kipeleke kochi Kawetele. Kitabu nacho amekitafuta akakipata. Panya wamekula kurasa za mwanzo, lakini hadithi ya mapazia imepona, na anapanga kumsomea mkewe upya, safari hii wakiwa wamekaa vizuri.

Tulinagwe anasema wageni siku hizi ni wachache na watoto wote wameshaondoka. Alikuwa ameanza kulisahau kochi hilo.

"Lakini alilete," anasema.

Sandukuni ana vitambaa vya kochi alivyovifuma mwenyewe wakati Elina bado ananyonya, vyeupe, havijawahi kutumika. Anapoulizwa kama sasa atavitandika, anatikisa kichwa.

"Hivyo nitampa Elina. Kochi tutalikalia mpaka lichakae."