Kitenge cha Tausi Mzingani

Mke wangu alikuwa fundi cherehani pale Magamba. Kushona alishona, tena vizuri, lakini nguo zilizotoka mikononi mwake zilikuwa za vitambaa vya wateja. Vyake mwenyewe havikuguswa na mkasi. Alivikunja akavipanga sandukuni, na siku za jua kali alivitoa akavianika uani kama watu wanavyoanika mpunga, akivigeuza upande huu na upande ule. Kulikuwa na poplini ya maua madogo, tetroni ya bluu, satini inayoteleza mkononi kama kambare, na kipande cha krimplini ambacho kisingemtosha hata mtoto mchanga. Nilipomwuliza hicho ni cha nini, alinijibu bila kutania, "Bado sijajua kinataka kuwa nini."

Sanduku lilipojaa akahamia chini ya kitanda. Chini ya kitanda palipojaa sikujua alikohamia, mpaka siku niliyoingiza mkono kwenye gunia la mbegu za karanga nikatoa satini.

Miaka ile ya sabini vitambaa havikupatikana ovyo. Mzigo uliposhuka stesheni ya Mpanda, habari ilifika Magamba kabla majora hayajafunguliwa, na mke wangu angeweza kuacha chungu motoni akaenda. Siku moja tulikuwa wote dukani, mimi nimefuata misumari. Muuza duka akatandaza kitenge chekundu chenye tausi wa kijani na njano, mkia ameufungua wote, jicho kubwa kama kisahani. Mke wangu akakishika pindo.

"Baba watoto," akaninong'oneza, "huyu ndege ananitazama."

"Anamtazama kila mtu. Hana pengine pa kulipeleka hilo jicho."

"Hatakuja mwingine kama huyu."

Nikakumbuka gunia la karanga. Nikasema kwa sauti, foleni nzima ikisikia, kwamba kitambaa hakitaingia tena nyumbani kwangu mpaka vya sandukuni vishonwe vyote. Wanaume wawili watatu waliitikia kwa vichwa, nami nikajiona mwanaume kweli.

"Sawa, baba watoto," akasema, akainamisha kichwa. Katika ndoa yetu sikuwahi kumwona akitii upesi namna ile, na mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi.

Kazi yangu, ukiacha shamba, ilikuwa nyuki. Mizinga nilichonga mwenyewe kwa magogo, nikaipaka nta kwa ndani, nikaiziba pande zote mbili na kuiweka bandani ikingoja msimu. Msimu ulipofika, mke wangu alikuwa Kabungu akimwuguza mama yake. Mimi na shemeji yangu, mdogo wake wa kiume, tukaibeba mizinga begani hadi kwenye treni, tukashuka Ugalla, tukaitundika mitini na kurudi.

Niliporudi, mke wangu alikuwa ameshafika. Nilimkuta amesimama mlangoni pa banda, akitazama utupu uliokuwamo.

"Mizinga iko wapi?"

Nilishangaa. Mwanamke huyu aliogopa nyuki hata wakitajwa tu.

"Iko Ugalla, juu ya miti."

"Yote?"

"Yote."

"Hata ule mfupi wa pale konani?"

"Hata huo. Kwani una nini?"

"Hauna kitu," akajibu haraka. "Yaani, mimi ndiye sina kitu."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuuliza habari za nyuki. Je, mvua huingia mzingani? Je, nyuki hutafuna? Nilipomwambia kwamba chakula chao ni maua, alishika kifua akataka kujua kama wanaweza kutofautisha maua ya kweli na ya kuchora. Nilimwambia shemeji kwamba hatimaye dada yake ameanza kuiheshimu kazi yangu.

Wakati wa kurina ukafika, mimi na shemeji tukarudi Ugalla kwenye kambi ya warina asali. Tulifikia mti wenye ule mzinga mfupi, shemeji akapanda na kienge chake kinachofuka moshi, mimi nikabaki chini na ndoo. Akazibua, akateremsha masega mazuri, meupe, mazito. Kisha akaurudisha mkono ndani.

"Shemeji," akaita. "Humu ndani kuna kitu laini."

"Watoto wa nyuki hao."

"Wana pindo."

Kabla sijajibu akavuta. Kitambaa kikafunguka kutoka mzingani, chekundu, kikateremka matawini katikati ya moshi na nyuki, na yule tausi akaukunjua mkia wake wote juu ya kichwa changu. Shemeji alishuka upesi kuliko alivyopanda. Mpaka leo sijui alipitia tawi gani. Mimi nilibaki na ndoo yangu, tausi ananitazama kwa lile jicho.

Kelele za shemeji ziliwaleta warina asali wa kambi nzima. Mkuu wa kambi akavua kofia, akakizunguka kile kitambaa kwa mbali, akatamka kwamba hilo ni vazi la mzimu wa kike mwenye msitu, na sisi tumemfungulia chumba cha kulala.

"Mwenye mzinga ni nani?"

"Mimi."

"Kitambaa hiki unakifahamu?"

Ningesema nini? Kwamba nilimkataza mke wangu mbele ya foleni nzima, kisha nikakibeba kitenge chake begani mwangu mwenyewe hadi kwenye treni? Habari hiyo ingefika Mpanda kabla yangu.

"Sikijui," nikasema.

Basi tukaambiwa tupige magoti tuombe radhi. Sega langu bora likawekwa shinani kama sadaka, na kitambaa kikaachwa kikining'inia palepale mtini. "Utusamehe, mama, hatukujua kama upo," tuliitikia wote, na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa yangu.

Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu akisonga ugali.

"Mama watoto, kitenge chako cha tausi sasa ni mzimu. Nimekipigia magoti."

Akaweka mwiko chini. Nikajiandaa kupokea samahani yangu.

"Kimechanika?"

"Hakijachanika."

"Rangi imechuja?"

"Kina asali kidogo upande wa mkia."

"Asali inatoka kwa maji ya vuguvugu," akasema, na akauliza treni ya Ugalla inaondoka lini.

Nilitaka kukasirika lakini kicheko kikaniwahi. Nilicheka nikakaa chini, naye akacheka, ugali ukaungua. Kitenge hatukukipata tena. Hakuna mtu aliyekubali kuupanda mti ule, na shemeji hatujamwambia ukweli hadi leo.

Nilimfutia katazo. Nikamtengenezea kabati la mninga, nikamwambia anunue apendavyo, mradi avipange humo nivione. Mzigo ukishuka stesheni nilimsindikiza, eti nimchunge. Katika kumchunga huko, siku moja niliona drili ya rangi ya gome la mti lililolowa mvua. Nikamwomba muuza duka alifungue jora. Nikakisugua kile kitambaa kwa kidole gumba, nikakinusa, nikakisugua tena.

"Unataka suruali?" mke wangu akauliza.

"Hapana. Nataka tu kiwepo."

Akakishika pindo. Kisha akamgeukia muuza duka na kumwambia asikate pale, aongeze kidogo.