Jogoo wa Kumkomboa Bibi

Nyumbani kwa mama, juu ya kochi, kuna msumari mtupu ukutani, na ole wake atakayetundika kitu hapo. Mdogo wangu aliwahi kuleta kalenda ya bure yenye picha ya maporomoko ya maji. Mama aliishusha siku hiyohiyo akaitumia kuwashia jiko. Msumari ule ni wa bibi, mama yake mzazi. Bibi hakupigwa picha hata moja maishani mwake. Sura yake iliyobaki duniani ni ile aliyoichora mjomba, na picha hiyo ilichukuliwa mchana kweupe, mbele ya macho yetu, huku sisi wenyewe tukicheka.

Mjomba alikuwa mchoraji, na si wa twiga na machweo ya kuuzia watalii. Alichora milima ya Uluguru tu, maisha yake yote: mashamba ya ngazi, migomba, ukungu unaposhuka asubuhi na kufunika mapaa. Picha zake zilinunuliwa na watu wakubwa, nyingine zikavuka bahari. Lakini ile moja hakuiuza. Aliichora kwenye mteremko wa ukoo wetu, na pembeni yake yuko bibi, ameinama na jembe, kaniki kiunoni, uso ameugeuza kidogo. Mama anasema uso uligeuka kwa sababu mjomba alimwita, "Mama!" naye akaitika. Picha ilitundikwa kwa mama, na kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, mama aliiambia shikamoo. Tulizoea. Hata wageni walizoea.

Mjomba alipofariki, matanga yalikuwa kwa mama, kwa sababu kwetu ukoo hufuata tumbo la mama. Alivyoviacha vilikuwa vya dada yake na watoto wa dada yake. Watani wakaja, kama inavyotakiwa. Asiyejua mambo yetu akiwaona watani msibani anaweza kuita polisi. Mmoja alivaa koti la marehemu, akakunja jicho kama yeye, akaanza kuichora milima hewani kwa mwiko wa ugali. Mwingine alikamata bata wa mama akasema amerithi. Ndiyo kazi yao: wanazika, wanatukana, wanabeba vitu, ili mfiwa acheke. Na mtani akichukua kitu, humzuii. Unamfuata baadaye na jogoo, mnataniana tena, anapokea jogoo na kitu kinarudi. Hajawahi kutokea mtani wa kukaa na kitu. Hatukuwa hata na neno la kumwita mtu wa namna hiyo. Sasa ninayo mengi, ila hayaandikiki.

Msibani alikuwepo bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mfanyabiashara wa picha, aliyezoea kununua kazi za mjomba. Suti nyeusi, viatu vinavyong'aa kwenye matope yetu. Alikaa akatazama jinsi mambo yanavyokwenda, kisha akasimama akasema, "Jamani, hata mimi ni mtani wenu!" Akalitaja kabila lake, na kweli, ni watani wetu tangu enzi za mababu. Watu wakamshangilia. Akapanda juu ya kochi na viatu vyake, akamshusha bibi ukutani, akasema, "Huyu bibi naondoka naye, akanilimie shamba langu Dar!"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu afiwe na kaka yake. Wakati anacheka, bwana yule alishusha na picha nyingine za mjomba zilizokuwepo, nasi tukamsaidia kuzibeba mpaka kwenye gari. Kanga aliyomfungia bibi ilikuwa yangu, mpya. Mpaka leo naidai moyoni, na najua ni ujinga kukumbuka kanga.

Arobaini ilipopita tukampigia tumfuate na jogoo. "Nitakuja mwenyewe, mtani," alisema. Hakuja. Tukapiga tena, akasema yuko safarini. Halafu simu ikawa haipokelewi. Nilikwenda polisi. Vijana wa nyumbani walikuwa wamerekodi video ya matanga kwenye simu, nikaitoa kama ushahidi. Askari akaitazama, akacheka, akamwita mwenzake naye atazame. "Dada, mbona mmempa wenyewe? Tena mnampakilia!" Nilimweleza habari za utani. Yeye mwenyewe Mtanzania, mwenye watani wake, akaniambia sheria haina utani. Nilitoka pale kwa hasira, mwavuli wangu nikauacha mezani kwake.

Kisha likaja tangazo kwenye kundi la familia: mnada wa picha za mandhari, hotelini Dar, kazi za mchoraji mashuhuri wa Uluguru. Tangazo lilikuwa na picha ya bibi. Chini yake waliandika, "Mwanamke asiyejulikana akiwa shambani."

Nilimsomea mama. Akaniambia, "Nitafutie jogoo. Mwekundu."

Tulipandia basi la Dar stendi ya Msamvu, mama amempakata jogoo kwenye kikapu, miguu imefungwa. Mlangoni pa hoteli mlinzi alifunua kikapu, akamtazama jogoo, akamtazama mama. "Shikamoo bibi," akasema. "Pita tu, ila asiwike." Huyo ndiye mtu pekee siku ile aliyekuwa na adabu.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na watu wanaonong'ona. Minada ninayoijua mimi ni ya ng'ombe na mitumba, dalali anakauka koo. Huyu alikuwa na tai na nyundo ndogo ya mbao, anaongea polepole. Picha za mjomba zikaenda moja baada ya nyingine. Alipotaja "mwanamke asiyejulikana," mama akasimama.

"Anajulikana!" Sauti yake ilijaa ukumbini. "Huyo ni mama yangu." Akalitaja jina la bibi, lote, na ukoo wake. Kisha akamtoa jogoo kikapuni akamwinua juu. "Mtani! Uko wapi? Nimekuja kumkomboa mtu wangu!"

Yule bwana alikuwa amekaa safu ya mbele. Nilimwona akisita, akiwatazama wateja wake wa kizungu. Halafu akatabasamu, akaja, akampokea jogoo kwa mikono miwili. "Huu ndio utamaduni wetu!" akawatangazia. Watu wakapiga makofi, simu zikapanda kupiga picha. Mama akakaa, ametulia kabisa. Kwake neno lilikuwa limekwisha. Mtani amepokea jogoo mbele ya watu, bibi anarudi nyumbani.

Bwana akamnong'oneza dalali. Dalali akatangaza kwamba picha hii leo imeondolewa mnadani. Mama akanifinya mkono kwa furaha. Ndipo bwana akachukua kipaza sauti akasema picha hii sasa ina hadithi, na kila mtu ameiona hadithi hiyo, kwa hiyo ataikalisha kwanza ipande thamani.

Jogoo wetu. Jogoo wa mama yangu ndiye aliyempandishia mwizi bei.

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema, na ninayoyakumbuka sijutii hata moja. Binti mmoja mhudumu alitusogelea, mpole, akasema, "Mama, si mpige tu picha na simu? Ni ileile." Nikamuuliza, ni ileile kwa nani? Wewe mama yako akichukuliwa, utabaki na kivuli chake kwenye simu ukiambie shikamoo? Alilia, maskini, na hakuwa na kosa. Jogoo tulimwacha akiwa ameshikwa na dereva wa bwana yule. Bila shaka walimla.

Juzi juzi bwana yule aliweka picha mtandaoni, amekaa sebuleni kwake na bibi yuko ukutani nyuma ya kichwa chake. Nilimwonyesha mama, nikajua atalia. Hakulia. Aliivuta karibu akaikagua sebule: mlango uko wapi, picha iko juu kiasi gani.

"Utani si wa upande mmoja," akasema. "Akifa, watani wake ni sisi. Nitapanda juu ya kochi lake na viatu vyangu, na hakuna wa kunizuia."

Mama ana presha. Kwa muda mrefu vidonge alikuwa akivificha chini ya godoro na kuniambia amemeza. Sasa ameacha chumvi, anatembea kila asubuhi mpaka mtoni na kurudi, na anameza kila kidonge bila kusukumwa. Akinipigia simu, tukishamaliza salamu, ana swali moja.

"Yule mtani wetu, bado mzima?"

"Mzima, mama."

"Haya," anasema. "Basi kesho niletee dawa zangu, zimekaribia kwisha."