Mkasi Nilioupeleka Geita

Nilikwenda Geita kwa sababu ya wivu. Nikisema ni biashara, mizani yangu mwenyewe itanicheka. Mama alipofariki, ile sarafu ya dhahabu aliyoifunga kwenye pindo la khanga miaka yote ilikwenda kwa pacha wangu, Doto. Mimi Kulwa, niliyemtangulia kuzaliwa kwa robo saa, niliachiwa majembe mawili. Nikayahesabu tena. Mawili.

Ni sarafu ya Bizanti, dola ya Wakristo wa kale ambayo makao yake yalikuwa Konstantinopoli. Mgiriki mmoja aliyekuwa na kiwanda cha kuchambua pamba huko Kishapu alimpa babu yetu, mlinzi wake, siku alipoondoka nchini.

Saa kumi na mbili asubuhi, Shinyanga. Mkobani nilikuwa na mizani, lenzi, jiwe la kupimia dhahabu na mkasi wa kuikatia. Nilitaka nusu yangu. Kondakta akadai nauli ya mzigo.

"Kwani mkasi nao utakaa kiti?" nikamuuliza. Akaniacha.

Mara tukafika Kolandoto, ambako Mama alilazwa mwezi mzima kabla ya kufariki. Nikajifanya nasoma tiketi.

Saa nane mchana, Kalangalala, mjini Geita. Doto ananunua dhahabu kama mimi, ila duka lake lina feni mbili. Langu la Shinyanga lina moja, na ya kuazima.

"Shikamoo, kaka," akanitania mbele ya wateja.

"Marahaba," nikaitikia kwa uzito. Wakacheka, sura ni ileile.

"Nimekuja na mkasi, Doto."

"Nimeuona. Kula kwanza."

"Nikila nitalainika."

Akaiweka sarafu mezani. Gramu nne na pointi nne. Nikapima tena. Nikaisugua kwenye jiwe: safi kuliko dhahabu yoyote niliyowahi kununua. Njia nzima nilikuwa nikiomba iwe shaba.

Upande mmoja yupo Yesu, msalaba nyuma ya kichwa, Injili kifuani. Upande wa pili wafalme wawili wenye taji, wameshika msalaba mmoja mrefu uliosimama katikati yao.

"Hao ni ndugu, walitawala pamoja," alisema Doto. "Mgiriki alimwambia babu, mkono wa juu ni wa mkubwa."

Nikachukua lenzi. Kweli, wa juu ni wa mwenye ndevu nyingi. Nikafurahi kwa mara ya kwanza tangu Shinyanga.

"Umeona? Hata wao walijua."

"Basi kata, mkubwa." Akanisogezea mkasi.

Nikautega katikati ya wale ndugu. Hapo unapasuka msalaba. Nikageuza: hapo unapasuka uso wa Yesu. Nikageuza tena.

"Kwa nini alikupa wewe?" nikauliza.

"Nilitoka hapa kwenda Kolandoto mara tisa. Wewe?"

"Mara mbili."

"Na ya pili ulikuja kuulizia sarafu."

Nikarudisha mkasi mkobani, nikala ugali na sato. Sahani mbili.

Kesho yake nikarudi. Wivu bado ninao, gramu nne na pointi nne. Basi lilipofika Kolandoto nikaangalia saa, na tuliposhuka Shinyanga nikaiangalia tena. Robo saa. Ndio ukubwa wote nilio nao juu ya Doto, na ndio safari niliyoshindwa kumfanyia Mama.