Jeton ya Matundu Mbili

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza, sana sana kitu kinachotoka chini ya udongo. Miaka ile ya Zaïre nilinunua kwa mwanajeshi mmoja mashine ya kutafuta mabomu, ile inayolia ikipita juu ya chuma. Watu wa mtaa wetu, Kadutu, walicheka. Nikachimba shaba na vyuma vikuukuu, nikauza, nikajenga nyumba ya matofali, na wale waliocheka wakaja kuniomba kazi. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primaire.

Shemeji, mudogo wa bibi niliyemuoa, alikuwa professeur wa historia kwenye shule moja ya Ibanda: kalamu tatu mfukoni, pesa hata likuta moja hakuna. Siku moja nikamuchukua twende shamba la zamani la kinini, ile miti ya dawa ya malaria, upande wa Kalehe, ambalo muzungu wake alishakimbia. Mashine ikalia karibu na depo ya posho iliyoanguka. Tukatoa vifungo vya kaptula, kijiko, na vipande vya duara vya shaba njano, vimeshikwa na udongo.

Shemeji akainua kimoja kwenye jua. "Beau-frère, hii ni pesa ya Waarabu! Ya musée, ya kuwekwa na vitu vya kale!"

"Ya musée ni kichwa yako," nikamwambia. "Hii ni jeton ya posho, unaionyesha ndipo unapimiwa chakula. Kila mufanyakazi alikuwa na yake, na numéro juu. Beba yote, enda udanganye batoto ba masomo."

Nilijua, kwa sababu nilizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi ya shamba lilelile. Kila samedi, siku ya kugawa posho, mama alinituma kwenye mustari na jeton ya baba, nilijua kupiga kelele "cent quarante-sept!" yaani mia moja arobaini na saba, kabla sijajua kuhesabu hata kumi. Tundu lake lilipokatika, baba alitoboa la pili kwa musumari. Halafu jeton ikapotea. Capita, yule musimamizi wa kambi, akasema baba ameiuza apate kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Posho ikakatwa, na mama akamwamini capita. Baba alikufa akiapa kwamba ilimuanguka. Mama, aliyekuwa sasa anaishi kwangu, bado alimwita muongo.

Dimanche iliyofuata, siku ya Mungu, shemeji akaja kula fufu yangu, kama kawaida yake.

"Jeton zile nilizisugua na ndimu," akasema, mdomo umejaa. "Muzungu mumoja tunafundisha naye amenunua moja. Alipenda ile ya matundu mbili."

Mama akabaki na tonge mukononi. "Numéro gani?"

"Cent quarante-sept, maman."

Sikumaliza kula. Shemeji alinikimbilia nyuma mpaka mulangoni kwa yule muzungu. "Beau-frère, pole pole! Usimwambie ni ya posho. Nilimwambia ni ya Waarabu!"

Nikasema ukweli. Muzungu akatazama jasho langu, akatazama professeur wake, akamwamini mwenye kalamu. Bei ikabaki ya Waarabu, tena ikapanda. Nikalipa, nikamupelekea mama jeton.

Mama aliingiza ncha ya kidole kwenye tundu la pili, akaizungusha, akaizungusha.

"Kumbe ilimuanguka kweli, palepale depo," akasema, akamlilia baba kama amekufa asubuhi ile.

Shemeji akataka kutufundisha kitu juu ya historia. Nikamuonyesha mulango. Jirani wakauliza kama nimepata dhahabu. Bajinga. Kipande cha shaba kisichotosha hata mushikio wa sufuria kilinigharimu zaïre themanini na tano, makuta arobaini.