Kura ya Mama Yake Kornél

Kornél alizaliwa kwenye nyumba hii ninayofagia ngazi zake, ghorofa ya kwanza, mlango namba sita, na mpaka leo kazi inamleta hapa kila Ijumaa na Jumamosi. Ana miaka arobaini na minne, shati jeupe lililonyooshwa, na kitambulisho cha shingoni kinachosema yeye ni kiongozi wa matembezi ya usiku ya wageni maalumu. Wageni maalumu ni vijana wa Kiingereza na Kijerumani wanaokuja Budapest siku mbili kusherehekea mwisho wa ukapera wa rafiki yao. Wanalipa ili wasipange foleni. Hicho ndicho Kornél anachouza, kutopanga foleni.

Nisimwonee, kazi anaijua. Anatembea kinyumenyume mbele ya kundi asimpoteze hata mmoja. Mabaunsa wa Wilaya ya Saba nzima anawajua kwa majina, na watoto wao pia. Glasi ya palinka, pombe kali ya matunda, anayogonganisha na wageni ina maji. Mwingereza akianguka, Kornél anamwinua, anamfunga kamba za viatu, anamuuliza habari za mchumba wake ili asilale barabarani. Nimeona majibaba yakimkumbatia na kulia wakati wa kuagana. Kesho yake hawamkumbuki hata jina.

Kituo chake cha tatu ni ua wa nyumba yetu. Milango ya ghorofani yote inatazama uani, kwenye baraza nyembamba yenye vyuma, kwa hiyo la chini linasikika juu na la juu linaonekana chini. Bwana Szabolcs aliukodi ua huo miaka tisa iliyopita, akatundika ukutani baiskeli mbovu na mabeseni ya kuogea, akaiita baa yake Mwavuli. Kornél akiingiza kundi huwaonyesha juu kwa kidole. "Pale ndipo nilipozaliwa. Mama yangu bado yupo, kwa hiyo jamani, taratibu." Wanacheka, wanalipungia mkono dirisha, kisha wanapiga kelele.

Nyuma ya dirisha hilo ndipo anapoishi Bibi Piroska, mwenye miaka sabini na tisa. Kaliziba kwa mito na godoro la kitanda cha mtoto, nalo godoro lilikuwa la Kornél. Analala mchana, vipande vipande, kwenye kiti cha jikoni. "Mwanangu," aliniambia mwaka jana, "sina ombi lingine. Nataka usiku mmoja tu nilale kitandani kwangu mpaka asubuhi, halafu nikifa nimekufa." Hakuwa anatania.

Mwaka huu kibali cha Mwavuli cha kufungua baada ya saa nne usiku kiliisha. Kupata kipya kunataka kura ya wenye nyumba. Nusu ya vyumba vimenunuliwa na watu wanaopangisha watalii, na hao kura zao Szabolcs alikuwa nazo mfukoni. Wakazi wa zamani wakahesabiana, wakaona kura ya Bibi Piroska ndiyo itakayoamua. Goti lake halishuki ngazi, hivyo aliandika karatasi kwamba mwanawe atampigia kura, kwenye mkutano huo na mwingine wowote. Mimi nikatia sahihi kama shahidi.

"Unasema hapana," bibi alimwambia Kornél. "Neno moja. Usianze hotuba zako."

"Mama, mimi na hotuba wapi na wapi?"

"Wageni wako unawahutubia mpaka wanalewa."

"Wale wanalewa kabla sijafungua mdomo." Akambusu kwenye paji la uso. "Nitasema hapana, mama. Utalala."

Mkutano ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi, uani, viti bado vimepinduliwa juu ya meza na bia ya jana ikinuka chini ya dawa yangu ya kusafishia. Kumbukumbu huwa naandika mimi. Kabla haujaanza nilikuwa napiga deki karibu na mapipa, na Szabolcs akamvuta Kornél pembeni hapo hapo. Mtu mwenye ndoo haonekani.

"Ndugu yangu, nikifunga saa nne, kundi lako utalipeleka wapi?" alisema. "Na wenzangu wenye baa watauliza nani kanifunga. Utabaki na mlango gani wewe?"

"Mama halali, Szabi."

"Mnunulie vile vya kuziba masikio. Vya nta ni vizuri."

Wakaitwa wanaokubali. Mikono ikapanda. Kornél alitazama viatu vyake kwa muda, kisha akainua mkono mpaka usawa wa sikio, ukaishia hapo. Nikaandika namba sita, ndiyo. Nilitamani kumpiga na ufagio, nasema kweli.

Alipanda juu, nami nikapanda nyuma yake na ndoo, maana baraza ilikuwa zamu yake kusafishwa. Mlango ulikuwa wazi.

"Tumeshindwa, mama. Kwa kura moja."

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Ahsante, mwanangu. Umehangaika." Akampakulia supu ya nyama, akamwongeza tambi. Kornél aliimaliza yote.

Alipoondoka, bibi aliniita. "Ile karatasi ya kura, utaibandika ubaoni kule chini?"

"Ndiyo, bibi. Ni sheria. Jina na kura ya kila mtu."

"Usiibandike."

Nikaiweka ndoo chini.

"Nilitoa mto mmoja dirishani, nimtazame akinisemea. Nikauona mkono wake."

"Basi mwambie, bibi. Mwambie hata leo."

"Nimwambie nini? Ikibandikwa, atajua majirani wamenisomea. Akijua nimejua, ataona haya kuja. Siku akiwa na nafasi anakuja kwa supu. Ukimtoa yeye, nani mwingine anagonga mlango huu?"

"Mimi nagonga."

"Wewe unagonga kwa sababu ya takataka."

Sikuibandika. Tangu siku hiyo Kornél alikuja kila Jumapili bila kukosa, na maua juu yake, na kila Jumapili aliuliza, "Umelalaje, mama?" Bibi alikuwa anajipaka poda chini ya macho kabla hajafika. "Vizuri. Siku hizi wamepunguza." Hakuna kilichopunguzwa. Szabolcs alikuwa ameongeza spika mbili. Lakini mwana aliamini, na nilimwona uso unamlegea kama mtu aliyevuliwa mzigo. Nilimchukia, na wakati huo huo nilimhurumia, maana yeye mwenyewe hajalala usiku kwa miaka tisa.

Majira ya kupukutika majani, mkutano mwingine. Safari hii Szabolcs alitaka kupandisha meza nne barazani, ghorofa ya kwanza, kwa ajili ya wageni maalumu peke yao, wakae juu wawatazame wengine wakicheza. Kuanzia mlango wa tano mpaka wa saba. Karatasi ya Bibi Piroska bado ilikuwa inafanya kazi. Nikajiambia, leo hawezi.

Mwenyekiti mwenyewe alisita. "Kornél, huo si mlango wenu? Mama anasemaje?"

Kornél akasimama. Mkono wake safari hii ulinyooka mpaka juu, bila aibu yoyote, na uso wake ulikuwa mkunjufu.

"Mama hasumbuliwi tena," alisema. "Namuuliza mwenyewe kila Jumapili. Analala vizuri."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na mdomo ninao. Watu walinisubiri nimalize kuandika. Nikaandika namba sita, ndiyo, mkazi hasumbuliwi.

Meza zilipandishwa Alhamisi. Mbili ziko mbele ya mlango wa Bibi Piroska, na wageni wakishakaa hawezi kuufungua mpaka Kornél awaombe wasogeze viti.