Daftari la Hali za Watu

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Jina nalificha kwa sababu kijijini wananijua tayari, na hao wanatosha.

Mimi ni karani wa ghala la korosho katika chama kimoja cha wakulima, vijiji vya ndani huku Lindi. Napima magunia na kuandika. Nafasi ya meneja wa chama ilipobaki wazi, niliitaka mpaka nikawa naiota. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: watu. Walisema naringa. Uongo! Nilikuwa tu siwatazami wanapozungumza.

Basi nikaenda semina ya siku mbili Lindi mjini, ya namna ya kuishi vizuri na watu ili upande cheo. Mwalimu, kijana wa suti, alisema: tabasamu, kumbuka mambo ya mtu, kisha mwulizie. Nikanunua daftari usiku uleule. Nikaandika kila mkulima na shida yake. "Mzee Mbwana, mjumbe wa bodi. Mama yake anaumwa mguu."

Siku ya pili Zainabu, mwenzangu wa ghalani, alinitumia ujumbe: "Tuna msiba kijijini. Unarudi?" Ningeuliza ni nani. Sikuuliza! Nikajibu, "Poleni sana, niko kwenye mafunzo," nikaendelea kusikiliza somo la kujali watu.

Loo, mpumbavu mimi!

Nilirudi kijijini, nikaingia kazini kama kawaida. Siku iliyofuata Mzee Mbwana akaja ghalani na magunia yake mawili. Foleni ilikuwa ndefu, na wajumbe wengine wawili wa bodi walikuwemo. Nikaona bahati ndiyo hii. Nikatabasamu meno yote nje, kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, Mzee Mbwana!"

"Marahaba."

"Mama anaendeleaje na ule mguu?"

Zainabu akaacha kushona gunia. Mzee akanitazama, halafu akasema taratibu:

"Mguu haumsumbui tena."

"Alhamdulillahi!" nikasema. Nikafungua daftari mbele ya watu wote, nikaandika: amepona.

Jamani! Niliandika kabisa!

Zainabu akanivuta nyuma ya magunia. "We kaka, una akili kweli? Bibi wa watu tumemzika juzi. Ule msiba niliokwambia ulikuwa wake!"

Niliporudi kwenye mzani, Mzee Mbwana alikuwa ameshaondoka. Magunia yake yalikuwa palepale, hayajapimwa.

Umeneja alipewa Zainabu. Semina hajawahi kuikanyaga. Siku ya msiba alichota maji na kuosha masufuria mpaka mtu wa mwisho alipoondoka. Sikupinga. Ningepinga kwa hoja gani? Cheo kunipita si kitu. Kilichoniuma ni wakulima kuja kupima mazao yao bila kunisemesha, msimu mzima.

Arobaini ya bibi yule nilikwenda mapema, bila daftari. Nikapewa vitunguu nimenye. Mzee Mbwana akaja akakaa karibu yangu. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyapanga vizuri, yakatoka ovyo.

"Baba, nisamehe. Sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza."

"Nimesikia, mwanangu." Akachukua kisu, akamenya kitunguu kimoja. "Wewe kwenu kule Sudi, siyo? Mama yupo?"

"Yupo, baba."

"Hajambo?"

"Hajambo."

"Umemwona lini?"

Kwenye lile daftari niliandika kijiji kizima. Mama yangu hayumo! Mzee hakungoja jibu, akainuka kwenda kuwaangalia wapishi. Nililia pale, na vitunguu vikanisitiri.

Enyi mnaotafuta vyeo kwa kutabasamu, nawaasa. Semina nendeni, hazina ubaya, na chai yake ni nzuri. Lakini ukiambiwa kuna msiba, uliza ni wa nani, kisha nyanyuka uende. Watu hawataki uwakumbuke kwenye karatasi. Na kama una mama, usimtumie salamu. Mfuate!

Mimi nimefika Sudi jana. Nilipobisha hodi, mama alitoka mbio, kanga haijamkaa sawa, akanishika mikono yote miwili. La kwanza aliloniuliza ni:

"Nani kafa?"